Barua ya Wazi kwa Mataifa Matano Yenye Kura ya Turufu: Ondoeni Mkono Wenu Kwenye Njia ya Misaada

Kwa:
Waheshimiwa Wakuu wa Nchi na Serikali za Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa

Nakala:
Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa
Wajumbe kumi wasio wa kudumu wa Baraza la Usalama

YAH: RUHUSA YA MISAADA YA KIBINADAMU KUPITA KATIKA VITA MNAVYOPIGANA AU KUVIUNGA MKONO

Waheshimiwa,

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusafirisha chakula, dawa na mahema kwenda kwa watu waliokwama katikati ya mapigano. Ni kazi ya makaratasi kuliko watu wanavyodhani: orodha ya shehena, namba ya lori, jina la dereva, lakiri ya kontena, kibali cha huyu na kibali cha yule. Mimi na wenzangu tumeziandikia balozi zenu na ofisi zenu za uwakilishi, tumekaa kwenye vikao vya faragha na maofisa wenu, tumewawekea mezani majedwali ya malori yaliyozuiwa pamoja na sababu tulizopewa. Tumejibiwa kwa adabu, na hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana leo ninaandika hadharani, kwa heshima inayostahili nyadhifa zenu, lakini bila kuzunguka.

Lalamiko langu ni hili. Katika vita ambavyo ninyi ni wapiganaji, au wauzaji wa silaha, au watetezi wa mmoja wa wapiganaji, ruhusa ya misaada kupita imegeuzwa kuwa kitu cha kujadiliana bei: inatolewa kwa muda, inapunguzwa, inasubirishwa, inabadilishwa na jambo lingine. Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo mataifa yenu yote matano yameiridhia, haikuiweka ruhusa hiyo sokoni. Ibara ya 23 ya Mkataba wa Nne inataka shehena za dawa ziruhusiwe kuwafikia raia hata kama ni raia wa adui, pamoja na chakula cha lazima kwa watoto walio chini ya miaka 15 na kwa wajawazito. Mei 2018 Baraza lenu, kwa kura zote, lilipitisha azimio namba 2417 linalolaani kuwatia raia njaa kama mbinu ya vita. Kwa hiyo siwaombi mkubali kanuni mpya. Nawaandikia kuhusu kanuni mlizokwisha kuzikubali.

Malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Kura ya turufu imefika hadi mlangoni pa ghala.

Julai 2014 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2165, liliruhusu misaada iingie Syria kupitia vivuko vinne vya mpakani bila kungoja ridhaa ya serikali ya Damascus. Wajumbe wote 15 waliunga mkono. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuifunga njia hiyo kidogo kidogo. Januari 2020, baada ya Urusi na China kuipinga rasimu iliyotaka kuendeleza mpango huo kwa upana zaidi, vivuko vilibaki viwili. Julai mwaka huohuo kikabaki kimoja, Bab al-Hawa, kwenye mpaka wa Uturuki. Al Yarubiyah, kivuko cha upande wa Iraq ambacho dawa za kaskazini-mashariki zilikuwa zikipitia, kilifungwa majuma machache kabla ya Uviko-19 kuenea duniani. Tetemeko la ardhi la 6 Februari 2023 lilipoangusha nyumba kaskazini-magharibi, msafara wa kwanza wa Umoja wa Mataifa ulivuka tarehe 9. Barabara zilizoharibika zilichangia, lakini kulikuwa na mlango mmoja tu ulioruhusiwa, na aliye chini ya kifusi huhesabiwa kwa saa. Julai mwaka huo Urusi ikapiga kura ya turufu na ruhusa ya Baraza ikakoma.

Asiyefanya kazi hii huenda asijue ruhusa inayotolewa kwa miezi sita tu inafanya nini ghalani. Chakula cha tiba cha watoto wenye utapiamlo mkali hakinunuliwi leo na kufika kesho. Huagizwa miezi mapema, husafiri baharini, hukaa forodhani. Mwenye malori hakubali mkataba unaovuka tarehe ambayo huenda mpaka ukafungwa. Muuguzi wa kliniki iliyo ndani hawezi kuahidiwa mshahara wa mwezi unaofuata miezi hiyo sita. Tarehe ya mwisho inapokaribia, kila shirika husukuma akiba yake ndani kwa pupa, na bidhaa zilizokusudiwa miezi mitatu hulundikwa katika maghala ambayo yenyewe yako ndani ya masafa ya mizinga. Kisha ninyi mnakaa New York usiku wa mwisho, mnaongeza miezi sita, na mzunguko unaanza upya. Kwa Syria, zaidi ya mara moja tarehe hiyo iliangukia Januari, katikati ya baridi kali. Madhara haya yote hutokea hata pale ambapo ruhusa hatimaye inatolewa.

Na jambo hili si la Urusi na China peke yao. Tarehe 18 Oktoba 2023 Marekani iliipinga rasimu ya Brazil iliyotaka mapigano ya Gaza yasimamishwe kwa muda ili misaada ipite, ingawa kura 12 ziliiunga mkono. Wiki moja baadaye, tarehe 25, Urusi na China zikaipinga rasimu ya Marekani ambayo nayo ilitaja usitishaji wa muda kwa ajili ya misaada. Kati ya kura hizo mbili, tarehe 21, malori 20 ya kwanza yalivuka Rafah kuingia eneo ambalo kabla ya vita lilikuwa likipokea takriban malori 500 kwa siku. Kila upande ulikuwa na maelezo marefu kwa nini rasimu ya mwenzake haifai. Sijasikia maelezo ya kwa nini sehemu inayohusu misaada, ambayo wote mliitaka, haikuweza kutengwa na kupigiwa kura peke yake.

Uingereza na Ufaransa hazijapiga kura ya turufu tangu 1989, na nalitambua hilo kwa dhati. Lakini kutopinga si sawa na kutumia uzito mlio nao juu ya washirika wenu.

2. Ukaguzi umefanywa kuwa kizuizi.

Hakuna mtu mwenye akili anayepinga shehena kukaguliwa. Ninachopinga ni ukaguzi usio na mwisho wala kanuni. Kwenye kivuko kimoja nilisimama pembeni ya lori la baridi lililobeba chanjo ya surua. Maboksi yalishushwa, yakapangwa chini juani, yakahesabiwa, yakapandishwa. Kisha zamu ikabadilika na mkaguzi mpya akataka yashushwe tena, kwa kuwa saini iliyokuwapo haikuwa yake. Kila kichupa cha chanjo kina alama ndogo: mraba mweupe ndani ya duara lenye rangi. Chanjo ikipata joto mraba huanza kukolea, na ukilingana rangi na duara, kichupa hicho ni cha kutupwa. Jioni tulifungua maboksi tukakagua alama moja baada ya nyingine, na mtaalamu wetu wa chanjo akawa anatenga vichupa upande wa kushoto mpaka upande wa kulia ukabaki karibu mtupu. Katika kumbukumbu za kivuko lori lile liliandikwa kuwa limepita.

Yapo pia yanayojulikana na wote. Machi 2024 mkuu wa wakati huo wa UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, Philippe Lazzarini, alieleza hadharani kwamba lori zima lililokuwa likielekea Gaza lilirudishwa kwa sababu ya mikasi iliyokuwamo ndani ya vifurushi vya matibabu ya watoto. Kitu kimoja kikikataliwa, lori lote hurudi mwisho wa foleni, na orodha ya vinavyokataliwa haichapishwi, hivyo mpakiaji hawezi hata kujifunza.

Wala msituambie kwamba hakuna namna nyingine. Julai 2022 Urusi na Ukraine, zikiwa katikati ya vita, zilikubaliana kuhusu nafaka ya Bahari Nyeusi. Wakaguzi wa Urusi, Ukraine, Uturuki na Umoja wa Mataifa walipanda meli pamoja karibu na Istanbul, na karibu tani milioni 33 zikapita kabla Urusi haijajitoa Julai 2023. Mpango ule ulikuwa na ucheleweshaji wake, lakini ulithibitisha kwamba maadui wanaweza kukagua shehena moja kwa fomu moja wanapotaka ipite.

3. Tunawapa ramani za mahali tulipo, na tunapigwa hapohapo.

Tunatakiwa kuyajulisha majeshi mahali zilipo hospitali, maghala na misafara yetu ili yasishambuliwe. Tunatii. Hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka huko Kunduz, Afghanistan, ilikuwa imetoa viwianishi vya mahali ilipo kwa pande zote. Tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya Marekani iliishambulia na watu 42 wakafa. Jeshi lilichunguza lenyewe, likaita makosa ya kibinadamu, likawaadhibu askari kiutawala, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa jinai. Huko Idlib, Syria, Bodi ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilichunguza mashambulizi ya 2019 dhidi ya maeneo ambayo mengi yake yalikuwa yameorodheshwa ili yasishambuliwe, na mwaka 2020 ikasema kwamba katika matukio kadhaa kuna uwezekano mkubwa kuwa serikali ya Syria na/au washirika wake ndio waliohusika. Washirika hao hawakutajwa kwa jina. Tarehe 1 Aprili 2024 wafanyakazi saba wa World Central Kitchen, shirika la kugawa chakula, waliuawa na jeshi la Israel karibu na Deir al-Balah, Gaza, wakiwa katika safari iliyokwisha kuratibiwa na jeshi hilohilo, ambalo linapata silaha zake nyingi kutoka Marekani.

Mwaka 2024 wafanyakazi wa misaada 383 waliuawa duniani. Wengi wao ni watu wa palepale, madereva na wauguzi na wapakiaji, ambao majina yao hayafiki kwenye hotuba. Nimelazimika kumwomba dereva apande lori nikiwa na karatasi ya uratibu mkononi, naye akaniuliza kama karatasi hiyo inazuia kitu. Swali hilo nalileta kwenu, kwa maana ninyi ndio mnaoweza kulijibu.

4. Eneo linapokuwa chini ya jeshi lenu, wajibu huongezeka.

Ibara ya 59 ya Mkataba wa Nne inaitaka nchi inayokalia eneo, ikiwa wakazi hawana mahitaji ya kutosha, ikubali mipango ya misaada na kuirahisisha. Bwawa la Kakhovka lilipobomoka tarehe 6 Juni 2023, maji yalifurika kingo zote mbili za mto Dnipro. Upande ulioshikwa na Ukraine ulifikiwa na misafara. Kwa upande uliokuwa chini ya Urusi, Umoja wa Mataifa uliomba kuingia na ukasema wazi kwamba maombi yake yamekataliwa. Sheria haikuacha nafasi ya kukataa hapo.

5. Njia iliyopo inazibwa, kisha inatafutwa njia ya kuonyesha.

Agosti 2015 ndege za muungano ulioongozwa na Saudi Arabia zilizibomoa kreni za bandari ya Hodeidah, ambako sehemu kubwa ya chakula cha Yemen huingilia. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilinunua kreni nne za kuhamishika kwa fedha za Marekani. Januari 2017 muungano uliirudisha meli iliyozibeba. Kreni zilifika Januari 2018. Kati ya tarehe hizo mbili Yemen ilipita katika mlipuko wa kipindupindu uliofikisha zaidi ya wagonjwa milioni moja walioshukiwa. Marekani ilikuwa imelipia kreni, na wakati huohuo ndege zake za mafuta zilikuwa zikizijaza mafuta hewani ndege za muungano uliozizuia kreni hizo. Uingereza nayo iliendelea kuuuzia silaha. Simu moja kutoka kwenye miji mikuu yenu ingeweza kuivusha meli ile.

Gaza tuliona jambo la namna hiyohiyo. Badala ya kuhakikisha milango ya nchi kavu inafunguliwa, Marekani ilijenga gati la kuelea kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 230. Lilianza kazi Mei 2024, likavunjwa na mawimbi, na Julai likafungwa baada ya kufanya kazi takriban siku 20 tu. Mei 2025 ukaja mfumo mwingine wa kugawa chakula, vituo vinne vikichukua nafasi ya takriban 400, na kufikia mwisho wa Julai Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 1,000 waliouawa wakitafuta chakula, wengi wao karibu na vituo hivyo. Lori linalopita mlangoni hubeba zaidi kuliko mwavuli unaodondosha misaada kutoka angani, kwa gharama ndogo zaidi, na hufika kwa mgonjwa asiyeweza kukimbia. Hili kila mtu katika kazi yetu analijua, na washauri wenu pia wanalijua.

6. Vikwazo vya kifedha vinatufikia hata pale vinaposema havitugusi.

Azimio namba 2664 la Desemba 2022 liliiondoa kazi ya kibinadamu katika vikwazo vya Umoja wa Mataifa vinavyozuia mali, nalo lilikuwa jambo jema. Haligusi vikwazo ambavyo kila nchi huweka peke yake. Baada ya tetemeko la Syria Marekani ilitoa leseni ya siku 180 ya kuruhusu miamala ya misaada. Benki haibadilishi taratibu zake kwa ajili ya siku 180. Hukataa tu kuhamisha fedha, na sisi hubaki tukitafuta namna ya kumlipa mwenye kuchimba kisima.

Waheshimiwa, najua mtakayosema.

Mtasema kwamba misaada huibwa na wapiganaji. Hutokea, na Ibara ya 23 yenyewe inaruhusu masharti pale penye hofu ya kweli kwamba shehena itageuzwa njia. Lakini hofu ya kweli inathibitishwa kwa ushahidi na kutibiwa kwa usimamizi: hesabu ghalani, waangalizi wakati wa kugawa, ufuatiliaji nyumba kwa nyumba baada ya kugawa. Aidha, chakula huwa na thamani ya kuibwa kinapokuwa adimu. Gunia la unga lililo moja mtaani hupiganiwa. Yakiwa mengi bei huanguka, na mwenye bunduki hana cha kuuza.

Mtasema kwamba nchi husika lazima iridhie, na mtanukuu azimio la Baraza Kuu namba 46/182 la 1991. Ni kweli ridhaa imetajwa pale. Haikutajwa ili serikali ipewe haki ya kuuzingira mji na kisha kukataa mkate usiingie.

Mtasema kwamba mwenzenu amefanya mabaya zaidi. Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu kila ujumbe tuliokutana nao ulikuwa na jalada nene la makosa ya wengine. Makosa ya Marekani hayakumlisha mtu wa Aleppo huko Syria, wala makosa ya Urusi hayatamlisha mtu wa Gaza.

Na baadhi yenu mtasema kwamba ninyi ndio wafadhili wakubwa. Mlikuwa hivyo, na maisha mengi yaliokolewa kwa fedha zenu. Lakini tarehe 1 Julai 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada la USAID, na Februari mwaka huo Uingereza ilitangaza kuushusha msaada wake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027 ili kugharimia ulinzi. Hata fedha zote zingerudi, shehena iliyokwama upande usio wake wa mpaka haimlishi mtu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Kila mmoja wenu atangaze kwa maandishi kwamba hatatumia kura ya turufu dhidi ya azimio linalohusu njia ya misaada pekee. Ufaransa na Mexico zilipendekeza mwaka 2015 kujizuia kwa hiari pale penye maangamizi ya halaiki. Lipanueni pendekezo hilo lihusu pia chakula na dawa. Katika maazimio hayo, taifa lenye majeshi au silaha zake vitani lisipige kura. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa tayari inamtaka mhusika wa mgogoro ajizuie kupiga kura katika maamuzi ya usuluhishi.

(b) Ruhusa ya kuvuka ikishatolewa isiwe na tarehe ya kufa. Iendelee mpaka Baraza liiondoe kwa kura tisa.

(c) Ukaguzi ufanywe mara moja tu, na timu ya pamoja yenye mtu wa tatu, ndani ya saa 72. Orodha ya vilivyokatazwa ichapishwe, kukataa kuwe kwa maandishi yenye sababu, na kitu kilichokataliwa kishushwe chenyewe huku lori likiendelea.

(d) Kila jeshi lenu, na kila jeshi mnalolipatia silaha, liwe na ofisa wa zamu mwenye mamlaka ya kusimamisha shambulio pale msafara uliojulishwa unapopigwa. Tukio likitokea, wachunguze watu walio nje ya jeshi hilo, na ripoti itangazwe ikiwa na majina ya waliohusika.

(e) Marekani itekeleze sheria yake yenyewe, kifungu cha 620I cha Sheria ya Misaada ya Nje, kinachozuia msaada kwa nchi inayozuia misaada ya kibinadamu ya Marekani. Ninyi wengine wekeni sharti la namna hiyo katika mikataba yenu ya silaha.

(f) Msamaha wa kazi za kibinadamu katika vikwazo vya kila nchi uwe wa kudumu, na benki zipewe barua ya kinga wanayoweza kuionyesha kwa wakaguzi wao.

Naomba jibu la maandishi kutoka kwa kila mmoja wenu, ombi kwa ombi, kabla ya mjadala wa wazi wa mwaka ambao Baraza la Usalama huufanya kuhusu ulinzi wa raia. Majibu yatakayofika tutayasambaza kama yalivyo kwa mashirika na madereva tunaofanya nao kazi. Palipo na ombi lisilojibiwa tutaandika hivyo, na jina la nchi.

Wasalaam,

Mratibu wa usafirishaji wa misaada ya kibinadamu